Mikono Yote Miwili

Saa nane usiku, Arua. Jenereta limekohoa mara mbili
likanyamaza. Mama Letiru analetwa kwa bodaboda,
kabanwa katikati ya dereva na mwanawe,
muuza vitenge wa sokoni, jasho limemlowesha hadi visigino.

"Si kuuma," anasema. "Ni kuchanika.
Nimechana vitambaa miaka thelathini,
naijua sauti ya uzi unapokubali.
Imeanza hapa," kifuani, "ikashukia huku,"
na mkono unatafuta mgongo, haufiki.

Nesi Acidri keshashika aspirini.
Moyo huo, anasema, nami nusura niitikie:
kifua, jasho, umri, kila kitu kinafanana.
Ila karatasi ya moyo imetoka na vilima vyake vya kila siku.
Na lile neno. Kuchanika.

Rudisha, Acidri.
Dawa hiyo huizuia damu isigande,
na damu ya huyu inatafuta mlango.

Mkono wa kulia: mia na tisini na nane.
Nani hupima wa kushoto saa nane usiku?
Mwalimu wetu kule Mbarara alikuwa akitukazia macho:
Mnapima mkono, au mnapima mtu?
Kushoto: mia na thelathini na mbili.
Tunarudia. Ileile.

Jeli ya ultrasaundi ni baridi, anashtuka.
Ndani ya mshipa mkuu utando unapepea,
kama pindo lililochanwa likasahauliwa kwenye kamba.

Mofini kwanza, maana maumivu nayo hupiga ngoma.
Kisha labetalo, kidogo, kidogo tena,
macho kwenye skrini: mia na kumi, tisini na nne, sabini na moja.
Haraka haraka haina baraka, niliimbiwa utotoni.
Leo ni moyo wa kuambiwa hivyo.
Sitini, naomba. Shuka hadi sitini.

Wapasuaji wako Kampala, ng'ambo ya Nile,
Pakwach, Karuma, na matuta yote yale.
Onzima wa ambulensi anauliza mafuta anasaini nani.
Nasaini mimi.
"Kwenye matuta, mbebe kama mayai."

Mwanawe: "Atafika?"
Sijui. Nikamwambia sijui.
Mama Letiru akafumbua jicho moja:
"Yadi sita za mke wa katekista
zimeshalipiwa. Usimuuzie mtu."

Taa nyekundu zikamezwa na barabara.
Mlangoni kuna kijana anatetemeka, malaria bila shaka.
"Nyoosha mkono," namwambia.
Ananyoosha.
"Na huo mwingine."