Somo Limeeleweka

Niliandika usiku, kwa tochi ya simu,
kabla ya somo lenyewe:
"Tathmini: somo limeeleweka.
Asilimia themanini wamefikia lengo."
Chuoni Mpwapwa wote tunaandika hivyo,
wino ukauke mapema, mkaguzi akija akute.

Asubuhi Chipanga ilikuwa na upepo wake,
ule unaookota chumvi ya mbuga ya Bahi
na kuitia kwenye daftari, kwenye meno, kwenye chaki.
Watoto tisini na watatu, madawati kumi na tisa.
Nikabandika kwa gundi ya uji
chati niliyoichora siku mbili:
bomba, tone la bluu, na chini yake neno MAJI.

"Nani asome?"
Ndahani hakunyoosha mkono. Nikamchagua kwa sababu hiyo,
maana tumefundishwa tusiwaache walio nyuma.
Hatukufundishwa nyuma ni wapi.

Akasimama. Akalitazama bomba
kupita zile dakika tano za utangulizi.
"Malenga," akasema.

Darasa likanitazama, lijue kama ni la kucheka.
Kwetu Muheza malenga ni mtu,
huitwa harusini, hutunga, hujibiwa;
mjomba wa mama yangu alikuwa mmoja.
Nikasema, "Hapana. Kaa. Mwingine."
Maneno matatu. Nimeyahesabu baadaye
kuliko visoda vyote vya somo la hisabati.

Mwalimu Sechelela alikuwa mlangoni na rundo la madaftari.
Hakuniaibisha. Alingoja mapumziko,
akanimiminia uji, akasema
kama mtu anayetaja bei ya karanga:
"Malenga ni maji. Kigogo.
Yule kaisoma picha yako sawasawa.
Wenzake wanausoma mdomo wako."
Akapuliza kikombe. "Na akichelewa
ni punda yule, na madumu manne. Ungemuuliza."

Uji ulikuwa wa uwele. Sikuumaliza.

Kesho yake nilichutama kando ya dawati la mwisho,
goti moja kwenye vumbi, sketi yangu ya mazoezi.
"Jana uliangalia nini kwenye lile bomba?"
Kimya. Bati la paa likagonga mara mbili.
Kisha, kwa Kiswahili cha kuokotaokota:
"Linavuja, mwalimu. Nani atalifunga?"

Siku mbili nilichora tone lile
nikaliona zuri.

Nikaenda mbele, nikachora ndoo chini yake.
Chini ya MAJI nikaandika MALENGA.
Ndahani akaja bila kuitwa,
akaweka kidole kwenye MA ya juu,
akakishusha kwenye MA ya chini, akakirudisha,
kama anayekagua fundo la kamba ya punda,
kisha akageuka kuwaambia wenzake, si mimi.

Na mkufunzi, ambaye hakuna aliyenidokeza atakuja,
alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Aliandika:
"Muda umezidi. Andalio halikufuatwa.
Zana imechorwa upya katikati ya kipindi."
Hamsini na nane. Sikubishana,
mengine kayaona kweli: wawili walilala,
na Mkunda bado anaandika jina lake kinyumenyume,
nami sijui nianzie upande gani.

Usiku nimefuta safu ya mwisho
mpaka karatasi ikatoboka.
Pembeni ya tundu nimeandika upya, herufi ndogo:
"Tathmini: asilimia siijui.
Maoni: nimuulize Sechelela
chaki inaitwaje Kigogo, kama ina jina.
Niamke mapema,
nimkute Ndahani kabla hajamfungua punda."