Sampuli ya Arobaini na Saba

Bi. Wakesho huuza makoti ya baridi Gikomba,
na akicheka huinua mkono mdomoni,
si kwa haya, kwa mazoea,
kama mtu afungaye kibanda kabla kanjo hawajafika.

"Fungua," nikamwambia.
Nikachomeka kijikaratasi chembamba kama unywele wa hindi
kati ya jino na ufizi, nikahesabu hadi thelathini.
Kikatoka chekundu.
"Nikipiga mswaki damu hutoka," akasema,
"basi nikauweka mswaki, damu ipumzike."

Ipumzike!
Chini ya hadubini ukoga wake haukujua usingizi.
Ulikuwa mtaa mzima:
vijiti, vitufe, vijinyoka vyenye kujisokota,
wamepanda ghorofa juu ya ghorofa bila kibali
kama kule Huruma, dirisha likitazama ukuta wa jirani.
Kuna waliomo ambao hewa huwaua.
Hao twawalea katika sanduku la kioo,
mikono yetu ndani ya glavu ndefu, kama wakunga.

Na kinga?
Chuoni nilifundishwa kuiita jeshi.
Siku hizi sina hakika.
Mateni mwake wamo walinzi wapole
wamshikao mgeni mkono, wakamsindikiza
hadi tumboni, pasipo kelele, pasipo kofi.
Ila ufizini wamefika wenye rungu,
chembe nyeupe, maelfu kwa maelfu;
walikuja kumfukuza mwizi
sasa wanabomoa nyumba.
Mfupa unaliwa na waliotumwa kuulinda.
Meno ya mbwa hayaumani, wahenga walisema.
Wahenga hawakupima mfuko wa milimita saba.

Itifaki yasema: mhusika asipewe ushauri
hadi sampuli ya pili ichukuliwe.
Wiki tatu tu. Nilitia sahihi, kalamu ya bluu.

"Na mimi nitapata nini?" akauliza akijifunga leso.
Nauli, nikasema. Shilingi mia tano.
Akaikunja noti mara nne, akaitia kifuani.
Labda ni ile mikunjo minne.
Nikamfuata hadi ngazini, nikanong'ona
kama anayeuza siri ya serikali:
"Mama, damu hiyo haitaki kupumzishwa.
Piga mswaki papo hapo inapotoka,
taratibu, asubuhi na usiku.
Itatoka siku kadhaa, kisha itachoka yenyewe."

Jumanne usiku stima zikapotea Mbagathi nzima.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Hewa ikapenya sandukuni,
na kulipokucha mtaa wote ulikuwa maiti,
umeuawa na kile kile
tunachovuta kifuani tukishukuru Mungu.

Ya kwanza imekufa, basi yote yakategemea ya pili.
Wiki ya tatu akaja, na koti jipya la mtumba.
Kijikaratasi kikatoka kimelowa mate tu.
Cheupe.
Daktari Lempaso akakiinua kwenye taa, akakigeuza,
akanitazama mimi, si yeye.
"Umeniharibia takwimu," akasema,
na hakupandisha sauti, ndipo nikaogopa.
Akapiga mstari juu ya arobaini na saba.

Sikumdanganya Bi. Wakesho.
Kilicholiwa kimeliwa, nilimwambia;
mfupa haurudi kama nyasi baada ya mvua,
lile gego litatikisika hadi siku yake,
na jino la pembe si dawa ya pengo.
Akaitikia kwa kichwa, kama anayesikia bei asiyoipenda
lakini anajua ni ya haki.

Jumamosi, baridi ya Julai imenishinda,
nikaenda Gikomba kutafuta koti.
Akataja elfu moja na mia mbili.
Nikasema mia sita.
Akacheka.
Mkono ukainuka, ukafika kidevuni,
ukasita pale kama uliosahau ulichotumwa,
kisha ukashuka kurekebisha kola ya koti.

Hakunipunguzia hata shilingi.