Na Wengine

Ghala liko chini ya bunge la jimbo, Helena,
ngazi ishirini na mbili, kisha mlango wa chuma.
Huku hotuba hazifiki. Yanafika maboksi.
Mimi ni karani wa zamu. Nina glavu na penseli;
wino hauruhusiwi.

Zorka Perkovich alikuja Jumanne, theluji ingali begani,
akauliza kama raia wa kawaida huruhusiwa.
Nikamwambia: Mama, vyote hivi ni vyako,
mimi nimeshika ufunguo tu.
Hakuamini. Alitoa kitambulisho hata hivyo,
akakilaza mezani kama mtu anayelipa deni.

Alitaka Februari, mwaka sabini na moja,
kamati ya kazi, mswada wa vumbi la migodini.
Babake alipanda basi alfajiri kutoka Butte, aje kusema.
Tukafungua muhtasari: nakala ya kaboni, zambarau iliyofifia.
Wajumbe tisa kwa majina yao.
Saa ya kufungua. Saa ya kufunga.
Wakili wa kampuni, aya tatu nzima.
Halafu mstari mmoja:
Na wengine walizungumza.

Aliusoma mara mbili.
“Wengine,” akasema. “Baba ndiye wengine.”

Mali bila daftari hupotea bila habari,
nilifunzwa hivyo.
Sikufunzwa kwamba mtu aweza kupotelea
ndani ya daftari lenyewe,
karatasi ikiwa kavu, boksi likiwa na namba.

Kanda zipo, nikakumbuka. Arubaini na moja, zinanuka siki.
Mashine ya kuzisoma imebaki moja,
na fedha za kuzinakili huombwa kila mwaka
ghorofa ya juu, kwa watu wasiowahi kushuka.
Nikaitia ya kumi na saba. Nikaomba isikatike.

Mkwaruzo. Kiti kinavutwa. Kikohozi,
kirefu, mpaka mwenyekiti akasema: Dakika moja, bwana.
Kisha sauti nzito, lafudhi ya ng’ambo:
Sikuleta karatasi. Nimeleta kifua.
Kisikilizeni.
Na akakaa kimya, akipumua,
dakika yake yote.

Zorka alikuwa ameinamisha sikio,
mkono juu ya spika kama anayepima homa.

Kanda ikaisha. Nikavuta kadi mpya ya faharasa.
“Jina la shahidi?”
Akaniendelezea herufi kwa herufi, Stipe Perkovich,
akichungulia penseli yangu.
“Kuna H mwishoni,” akasema. “Usiiache.”