Saa Tisa, Kitanda cha Nne

Macho hayana pazia, walisema.
Hawakuwahi kukesha wodi hii,
hawakumwona Wanjugu wa Nyamakima
kope zimekwama nusu
kama shata ya duka iliyogoma katikati.
Chini ya kope, ukanda mweupe.
Nainamisha tochi. Bado weupe tu,
ule mduara wa kahawia haujachungulia.
Afadhali.

Siku ya sita hii mashine inampumulia.
Dawa iliyomlaza ilichukua na kile kitu kidogo
tusichokihesabu: kufumba na kufumbua.
Wewe unayesoma, umepepesa mara ngapi
tangu mstari wa kwanza?
Yeye, hata mara moja.

Naosha mikono. Maji ni ya Julai, yanauma.
Kitambaa laini, maji ya chumvi ya chupa,
kutoka pembe ya puani kwenda nje,
mara moja, tupa.
Jicho la pili, kitambaa kingine,
ugonjwa wa kulia usihamie kushoto.
Kohozi nitalivuta baadaye, uso umefunikwa,
lisije likaruka likatua
hapa hapa ninapopasafisha.
Nimelegeza mkanda wa mpira, nimeinua kichwa cha kitanda,
maana uso ukivimba kope hazikutani.
Kisha marhamu, uzi mwembamba
ndani ya kope ya chini.
Kisha nafunga duka. Taratibu. Kwa kidole cha pete.
Juu yake karatasi ya nailoni,
jicho libaki na umande wake.

Daktari Kiprugut akipita huuliza mapafu,
huuliza figo, huuliza presha.
Simlaumu. Skrini ina rangi nne
na hakuna hata moja inayopiga kelele
jicho linapokauka.

Mwaka juzi tulikuwa na Bwana Okumbe.
Wiki tatu tuliupigania moyo wake,
tukaushika kama yai.
Siku ya kutolewa mpira kooni wodi nzima ilitabasamu.
Akageuza shingo, akauliza kwa sauti ya mchanga:
"Mbona kuna moshi?"
Hapakuwa na moshi.
Palikuwa na kovu jeupe kama ukoko wa wali
juu ya mboni ya kushoto,
na ndani ya faili, mahali pa macho,
zamu tano tupu.
Mbili kati ya hizo zilikuwa zangu.
Mkewe alinishika mkono, akasema
heri kufa macho kuliko kufa moyo.
Alitaka kunifariji. Nilikwenda stoo
nikasimama kati ya maboksi ya glavu
nikijiuliza ni nani aliyetuambia tuchague.

Wangeci, bintiye Wanjugu, huja saa saba mchana.
"Mama huchambua gunia zima bila miwani," aliniambia.
"Jiwe rangi ya rosikoko, ukubwa wa rosikoko,
yeye hulitoa.
Wenye mahoteli humjia kwa hilo tu."
Akaiangalia nailoni, akaogopa kuuliza, akauliza:
mama ameharibika uso?
Nikamwambia ni ya kutunza unyevu.
Akacheka, kidogo, mara ya kwanza wiki hii.
"Kama dania tunavyoifunika sokoni."
Ndiyo. Kama dania.

Saa tisa na robo. Naandika: macho yote mawili,
yamesafishwa, yamefungwa, hakuna wekundu.
Natia sahihi, jina zima.
Saa moja asubuhi Nyaboke atapokea.
Tochi nimemwachia juu ya faili, ina betri mpya,
nilizinunua mwenyewe pale Adams.

Sijui kama Wanjugu ataamka. Hilo si langu.
Langu ni kwamba akiamka,
na mtu akamwekea kiganjani
punje moja ya maharagwe na kijiwe kimoja,
ajue kipi cha kutupa.