Sahani ya Chaki

Alhamisi, nyuma ya kanisa, Chavakali,
nachora duara kwenye ubao uliopasuka.
Nusu mboga, nasema. Robo ugali.
Robo iliyobaki: maharagwe, omena, yai.

Kageha anainua mkono wenye masizi:
"Mwalimu, sahani hiyo ni ya nani?
Kwetu tuko saba na sufuria ni moja,
na anayenawa mwisho hukuta ukoko."

Wanacheka. Nami nacheka, nikichelewa kidogo.

Ukurasa wa pili wa mafunzo ni mazoezi:
nusu saa kila siku, mwendo wa haraka.
Nawatazama. Mtungi wa lita ishirini,
chemchemi kule bondeni, na kilima ni kile kile
kilichonitoa jasho nikiwa juu ya bodaboda.
Naukunja ukurasa. Nauweka chini ya mzani.

Nafuta duara kwa kiganja.
"Basi nifundisheni hiyo sufuria.
Nani hupakua? Mtoto huchota lini?
Mrenda ukiiva, humwagiwa nani kwanza?"

Kageha anaishika chaki kama mwiko,
anachora sufuria, kubwa, imepinda,
na pembeni yake kibakuli kidogo sana.
"Hiki cha Mmbone. Kabla ya wote."

Utepe wa kupimia ungali mfukoni mwangu.
Juzi, mkononi mwa Mmbone, ulisoma manjano.