Mizani Mbili

Walinikodi siku tatu. Kibanda cha mbao chenye kioo mbele,
kipaza sauti kinachonuka pumzi za waliotangulia,
na nje Dodoma ya Oktoba, upepo ukizungusha vumbi uwanjani
kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Kongamano la taaluma mtambuka, bango lilisema:
wanafizikia, wanahisabati, mwanafalsafa mmoja mwenye mafua,
na walimu arobaini wa sekondari, wa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni.
Kwa ajili yao nilikuwapo mimi.

Siku ya kwanza nilishindwa na chembe.
"Inazunguka," niliwaambia masikioni.
Dakta Ndahani akageukia kibanda: "Haizunguki.
Ina mzunguko, ila haizunguki."
Nikatafsiri hivyo hivyo.
Mwalimu Salala akavua kisikizi, akakipuliza,
akakivaa tena.

Adhuhuri wenzangu wakila, niliandika nyuma ya ratiba:

    Chembe haina upande, mpaka uitazame,
    Nami hapa na nigande, kibandani nisiseme,
    Neno langu lisipande, hadi umeme uzime,
    Ulimi wangu vipande, na kila kimoja

Kengele.

Siku ya pili, ulinganifu.
Profesa Radka, mgeni wetu kutoka Sofia,
alichora duara ubaoni: ligeuzeni mtakavyo, halikumbuki.
Sheria za maumbile nazo, alisema, hazina kulia wala kushoto,
hazijui Bahi, hazijui Kongwa.
Kisha akasema kwamba ulinganifu huo huvunjika, wenyewe,
bila mkono wa mtu,
na kwamba ndiyo maana tupo.
"Huvunjika," nikasema. Kalamu arobaini zikaandika.
Nami nikasikia chungu kikianguka kichwani mwangu, vigae sakafuni,
nikajua nimekosea, ila si wapi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bi Mchiwa Masima, wa Mvumi,
aliyesuka mikoba themanini ya katani
ambayo kila mjumbe alikuwa ameitundika kwenye kiti.
Mhasibu alimwambia kesho, tangu Jumatatu.
Hakujua hotuba inaendelea; au alijua.

Profesa akafurahi. Akainua mkoba wake,
akauonyesha ukumbi kitako chenye nyota nyekundu:
geuza mara sita, na kila mara ni ule ule.
Hapo nikatoka kibandani, nikamtafsiria Bi Mchiwa.

"Si ule ule," akajibu,
wala hakuwa na uso wa kufundisha mtu.
Alikuwa na uso wa anayedai.
Akabonyeza kidole chini ya nyota.
"Fundo hili hapa. Hapa ndipo nilipoanzia.
Bila fundo mngebeba makaratasi yenu kwapani.
Haya, na hela yangu?"

Ukumbi ukacheka, mwanafalsafa akapiga chafya.
Dakta Ndahani hakucheka. Alikuwa amegeuza mkoba wake
na analitafuta fundo kwa kucha.

Nilirudi kwenye kipaza sauti.
Walimu, nikasema, futeni lile neno.
Wazieni uwanja wa vumbi kabla ya mvua:
pande zote sawa, hakuna hapa, hakuna pale.
Kisha tone moja.
Halijavunja kitu. Limefunga fundo.
Sasa kuna hapa.

Kamati ya istilahi imeniandikia baadaye, barua yenye mhuri:
"fundo" halikubaliki, lina maana nyingine nyingi.
Ni kweli. Lina koo, lina moyo, lina nguo ya harusi.

Bi Mchiwa alilipwa mikoba sabini na tisa.
Wa themanini, mhasibu alisema, kitako kimekwenda upande.
Niliununua mimi, bila kupatana bei.
Ndani yake nimeweka ile ratiba
na ubeti uliokosa mizani mbili.
Mara nyingine, usiku umeme ukikatika,
naupapasa mkoba gizani, polepole,
mpaka kidole kifike.