Mabano

Miaka ishirini na sita nilichapa bajeti Wizarani, Maskati,
ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikinipuliza kisogoni.
Nakisi haiandikwi kwa alama ya kutoa.
Hutiwa mabanoni:
mabilioni mawili kati ya vimistari viwili vilivyopinda,
kama viganja vya mtu anayekinga njiti ya kibiriti na upepo.

Nilidhani ni adabu.
Aibu husitiriwa, si ndivyo tulivyolelewa?

Mwaka ule pipa tulilikisia dola sabini na tano,
likauzwa arubaini na mbili.
Tukaifuta shule ya Bidiya. Tukaifuta barabara.
Kisha tukaufuta ufutaji wetu, tukakopa.
Wakopeshaji walikuja na suti nyepesi, wakaketi, wakanywa kahawa,
na kila mmoja akaitikisa finjani kama alivyofundishwa hotelini:
basi, nimetosheka.
Wakatosheka kwa kahawa.

Barua ikaja: waliotimiza miaka ishirini na mitano waende nyumbani.
Orodha niliichapa mimi.
Zahran bin Muhsin, nambari arubaini na moja.
Kidole kikasita juu ya mabano.

Sasa niko Ibra.
Alfajiri nakaa na Harith, mpimaji wa zamu za falaji,
saa yake mkononi, daftari lake limelowa pembeni.
Mwaka wa ukame, ananambia, mfereji uliporomoka,
wazee wakauza zamu za maji za miaka tisa iliyokuwa haijafika,
wakalipa wachimbaji.
Maji yakarudi, yakapita mbele ya mitende yetu,
yakaenda kwa wengine.
"Tulikunywa maji ya watoto," anasema,
"ila tusingekunywa, tungewazaa na nini?"
Anacheka. Mimi naangalia maji.

Jumanne Rayya kajifungua, mtoto wa kiume.
Nyuma ya bili ya umeme nikapiga hesabu:
hati fungani ya mwaka ule, ile niliyoichapa nakala tatu,
itaiva yeye akiwa na miaka ishirini na miwili.
Nimerudia. Ishirini na miwili.

Nimempakata. Kalala, ngumi kaifunga,
mkono wangu mmoja umepinda huku, mwingine kule.
Shemsa anauliza mbona natetemeka.
Namwambia ni kiyoyozi.

Tumekizima tangu Juni.